Kiti cha Kengele

Mwanamke mwenye duka la mikate kwenye kona ya soko aliitwa Kiranja hata na watu wasiojua kwa nini. Wateja walidhani ni kwa sababu ya ukali wake. Ukimpa noti iliyochanika, alikutazama tu, mpaka mwenyewe ukaikunja na kuirudisha mfukoni. Lakini jina lilitoka mbali zaidi. Kidato cha nne alikuwa kiranja wa darasa, msichana mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza, na wale waliomaliza naye shule hawakumwita kitu kingine tena. Hata mumewe, fundi wa magari, alizoea kuwaambia marafiki zake, "Mimi nilioa kiranja. Kwangu hata paka anaomba ruhusa ya kutoka."

Mwaka ule darasa lao liliamua kukutana. Watoto wao walikuwa wameshamaliza shule zao, baadhi ya wanadarasa wenyewe wameshaanza kuitwa babu na bibi, na kila walipoonana ilikuwa msibani. Wazo lilikuwa la Tai. Tai alipewa jina hilo kwa sababu enzi zile hakuvua tai shingoni hata siku za michezo. Sasa alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya ujenzi na mwenyekiti wa bodi ya shule ileile waliyosoma. Alitaka iwepo siku ya kuwakumbuka wenzao waliofariki. Picha zao kubwa zitengenezewe fremu, ziwekwe kwenye viti jukwaani, kila kiti na shada lake. Yasemwe maneno machache, kisha picha zitundikwe ukumbini zikae humo daima. Lilikuwa jambo jema, na Kiranja alikuwa wa kwanza kusema hivyo.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Ilikutana dukani kwa Kiranja Jumapili mchana, mlango wa mbele umefungwa, tanuri limepoa. Wakaizunguka meza ya kukandia unga. Tai alipangusa benchi kwa leso kabla ya kuketi. Mtu wa tatu alikuwa Kimya, mfamasia, ambaye miaka yote ya shule alikaa dawati la nyuma na hakuna mwalimu aliyewahi kuisikia sauti yake mara mbili kwa wiki. Yeye ndiye aliyezunguka kwa jamaa za marehemu kukusanya picha. Akazipanga mezani taratibu. Yule aliyekuwa muuguzi. Dereva wa lori. Mmoja wa wale mapacha, ambaye mwenzake bado alikuwa hai. Msichana aliyekuwa akiwashinda wavulana mbio, halafu akafa akijifungua. Na wengine.

Kiranja akazipitia zote, akarudia, akainua macho.

"Kengele yuko wapi?"

Kimya akamtazama Tai. Tai akakohoa.

"Kengele tumemwacha."

"Mmemwacha wapi?"

"Kiranja, usianze."

"Sijaanza. Nauliza mlikomwacha, nikamchukue."

Kengele alikuwa mvulana aliyekabidhiwa kengele ya shule. Alikuwa mrefu, ana meno ya mbele yaliyoachana, na njaa isiyokwisha. Siku njaa ilipombana aligonga kengele ya chakula mapema, na shule nzima, walimu kwa wanafunzi, ikala mapema bila kujua. Mwalimu wa fizikia alikuwa akirekebisha saa yake kila siku akiilaani kuwa inachelewa. Walipomaliza shule Kengele alipata kazi ya fundi umeme, akafanya vizuri, akanunua hata pikipiki. Kisha pombe ikamshika. Kazi ikaenda, pikipiki ikaenda, mke akaenda. Akawa mtu wa kulala vibarazani, akaanza kukata nyaya za watu na kuuza shaba yake. Mwisho alikamatwa, akalazwa mahabusu na homa yake, asubuhi hakuamka. Walimzika watu wachache, na mvua ilinyesha.

"Mtu amefia mahabusu kwa wizi," alisema Tai. "Mkuu wa shule atakuwepo, wazazi watakuwepo, wanafunzi watapanga mistari. Tuwaambie nini? Kwamba huyu naye ni mfano wa kuigwa?"

"Nani kasema ni mfano? Tumesema tunawakumbuka waliokufa. Yeye hajafa?"

"Aliniibia redio ya gari, Kiranja. Gari jipya!"

"Mimi aliniibia trei zote za kuokea. Zote! Akaziuza chuma chakavu. Wiki nzima nilioka mikate kwenye masufuria, inatoka mviringo, watu wananiuliza kama nimeanza kuuza kofia. Nilimfuata alikolala, nikamzaba kofi. Unajua alisema nini? Alisema, 'Kiranja, andika jina langu, nimepiga kelele darasani.' Nikacheka, nikalia, nikarudi nyumbani bila trei. Sasa kama ni hasira, Tai, yangu inaizidi yako. Wewe ulinunua redio nyingine jioni ileile."

Tai akapangapanga zile picha, zikakaa sawa kama karata.

"Tufunike kombe mwanaharamu apite," alisema kwa upole, sauti ya mtu aliyezoea vikao. "Hatumtukani. Tunanyamaza tu. Na tafadhali, dada yangu, fikiri na upande wako. Bodi itakaa mwezi ujao kuangalia nani ataendelea kuleta mikate shuleni. Sipendi uonekane mtu wa fujo."

Kiranja alilielewa tishio. Mikate ya shule ndiyo iliyoliweka tanuri lake na moto. Kila alfajiri gari lake dogo lilipeleka makreti pale getini, na kwa makreti hayo aliajiri akina dada wanne na kumsomesha binti yake mambo ya biashara. Akamgeukia Kimya.

"Na wewe?"

Kimya akakusanya picha, akazitia kwenye bahasha.

Usiku ule mumewe alimwambia, "Mke wangu, hili nalo liache lipite. Marehemu haoni picha." Kiranja akamjibu kwamba marehemu haoni, lakini mama yake anaona, tena bila miwani. Asubuhi akafunga kilemba, akachukua mkate wa moto, akaenda kwa mama yake Kengele.

Mama huyo aliishi chumba kimoja nyuma ya karakana ya useremala, sauti ya msumeno ikipita ukutani mchana kutwa. Alikuwa mfupi, mkavu, mgongo umenyooka. Tangu mwanawe afe hakuwa akienda kwenye shughuli za watu. Si kwa aibu, alisema yeye, bali kwa sababu watu walimwangalia kama sufuria iliyopasuka, na yeye hakupasuka popote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye kiranja wewe? Yule aliyekuwa akimwandika mwanangu kila siku?"

"Ndiye mimi."

"Ulimwandika sana. Ila hukumsingizia." Akaupokea mkate, akaunusa, akaukata kipande palepale. "Sema."

Kiranja alieleza yote. Hakuficha kwamba kamati imemkataa Kengele, wala hakumtaja Tai kwa ubaya kupita kiasi, ingawa ulimi ulimwasha. Alisema anataka picha ya Kengele, fremu atatengeneza mwenyewe, na kiti atakiweka mwenyewe, liwalo na liwe.

Mama akacheka. Alicheka mpaka akapaliwa na mkate.

"Picha? Mwanangu, aliziuza! Aliuza fremu, na picha ndani yake. Aliuza na ya harusi yangu. Kuna mtu huko mjini ana sura ya marehemu mume wangu ukutani, hajui hata ni nani." Akajifuta macho. Kisha uso ukabadilika. "Mimi sitakwambia alikuwa mtu mwema. Alinichosha. Niliuza cherehani yangu kumtoa kituoni, akatoka, akaniibia mkasi. Lakini mtoto akinyea mkono, haukatwi. Sijaukata mimi niliyenyewa. Hao wanaoukata walinyewa wapi?"

Msumeno ukalia ng'ambo ya ukuta, wakasubiri unyamaze.

"Kiti kiweke," alisema mama. "Picha nitaleta mwenyewe."

Kiranja akaondoka akidhani mama ana ndugu aliyebaki na picha ya zamani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Ukumbi wa shule ulipakwa rangi mpya, harufu yake bado inawasha pua. Kwenye jukwaa vilipangwa viti vya mbao vyenye picha, mashada ya maua meupe yameegemea miguu yake. Kiranja alifika mapema kuliko wote. Alichukua kiti kingine kutoka darasa la jirani, akakipandisha, akakiweka mwisho wa mstari, akakitilia shada lake. Mhudumu mmoja alimuuliza kama hicho nacho kimo kwenye mpango. Kiranja akasema, "Kimo," kwa ile sauti yake ya kukwaruza, na mhudumu akaenda zake.

Watu wakaja. Vipara, miwani, vitambi, vicheko vya kutambuana. "Ni wewe? Ni wewe kweli? Mbona umekuwa mama yako?" Tai aliwasili na mkuu wa shule, mwanamke kijana kuliko wao wote, mwenye daftari mkononi na wasiwasi usoni. Tai alikiona kile kiti kitupu. Alimtafuta Kiranja kwa macho, akampata, akamtikisia kichwa polepole. Kiranja akamtikisia chake vilevile.

Maneno ya kumbukumbu yakaanza. Tai akashika kipaza sauti, akasema kuhusu muuguzi, akasema kuhusu dereva wa lori, akasema vizuri, kusema haki, ni msemaji. Alipofika kwenye picha ya tisa alishusha karatasi. "Na hao ndio wenzetu, Mungu aw—"

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mama yake Kengele akaingia na fimbo yake, gauni la buluu limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mkononi hakuwa na kitu. Alitembea katikati ya safu za viti bila haraka, bila kuangalia kushoto wala kulia, akafika jukwaani, akaanza kupanda ngazi. Sasa ndipo Kiranja alipoelewa. Akainuka, akampa mkono.

"Mama," Tai alisema kwenye kipaza sauti, akitabasamu kwa shida, "viti vya wazazi viko huku chini."

"Mimi si mzazi leo," alisema mama. Hakuwa na kipaza sauti, lakini hapo ndipo watu walipojua mwanawe alirithi wapi kelele zake. "Mimi ni picha."

Akalisogeza shada kidogo kwa fimbo, akaketi. Akaweka mikono mapajani, akanyoosha shingo, akawatazama. Meno ya mbele yameachana. Paji la uso lilelile. Mtu mmoja katikati ya ukumbi alivuta pumzi kwa nguvu, na mwingine akasema, si kwa sauti kubwa lakini kila mtu alisikia, "Kengele."

Mkuu wa shule akamnong'oneza Tai kitu. Tai akawapungia vijana wa muziki wapige. Kijana wa muziki akamwangalia yule bibi kwenye kiti, akaangalia mashine yake, akajifanya anatafuta waya. Kiranja akaenda akakichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa Tai. Hakukipora. Alikishika tu, akaendelea kukishika mpaka Tai akaona kuvutana mbele ya watu si jambo la mkurugenzi.

"Jamani," alisema Kiranja, "huyu mnamjua. Alikuwa mwizi. Aliniibia mimi, alimwibia mwenyekiti, na kama humu kuna mtu hakuibiwa naye basi alikuwa anaishi mbali. Alikuwa mlevi. Alifia mahabusu. Nimesema yote, hakuna lililobaki la kunong'ona. Sasa niambieni, nani kati yetu alimaliza shule bila yeye? Kuna darasa letu gani ambalo yeye hayumo? Hatukuja hapa kutoa zawadi ya tabia njema. Tumekuja kukumbuka wetu. Na huyu ni wetu, apende asipende, tupende tusipende."

Akashusha kipaza sauti. Akasimama kando ya kiti cha mama, akingoja.

Aliyeinuka kwanza ni yule pacha aliyebaki, mzee wa kipara anayeuza vipuri. Picha ya ndugu yake ilikuwa pale pale jukwaani.

"Mtihani wa hesabu," alisema, "sisi wawili hatukuwa tumemaliza. Kengele alikuwa ameshatoa karatasi yake, amesimama nje dirishani, nyundo mkononi, anatuangalia. Mwalimu anampigia ishara agonge. Yeye anajikuna. Anafunga kamba ya kiatu. Anafungua, anafunga tena. Alichelewesha mpaka ndugu yangu akaweka kalamu chini." Akajaribu kuendelea, akashindwa, akaketi.

Hapo ukumbi ukafunguka. Mtu akasema habari ya pikipiki, jinsi Kengele alivyompelekea mkewe hospitali usiku akakataa hata pesa ya mafuta. Mwingine akasema, "Mimi alikata nyaya zangu nyumba nzima! Kisha akarudi kuniuliza kama nahitaji fundi!" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, na mama juu ya kiti akacheka nao, kisha machozi yakamtoka bila kuyafuta, kwa maana picha haijifuti.

Tai alisubiri kicheko kipungue.

"Mimi," alisema, "siwezi kusimama jukwaa moja na mwizi."

Mama akamgeukia. "Basi keti, baba. Viti vipo."

Tai akashuka, akatoka, na watu kadhaa wakamfuata, wengine kwa kukubaliana naye, wengine kwa sababu walikuja kwa gari lake. Mkuu wa shule alibaki amesimama katikati, hajui amfuate nani. Mwishowe akaketi. Kimya naye hakutoka. Aliinua simu yake, akapiga picha jukwaa zima, akairudisha mkobani.

Picha hazikutundikwa ukumbini. Tai alisema kama Kengele yumo, basi hakuna atakayekuwemo, na bodi ilipokaa ikakubali. Jumatatu iliyofuata kikao hicho simu ya shule ikapigwa dukani. Sauti ya karani, ya heshima sana, ikasema shule imepata mtu mwingine wa mikate, na inamshukuru kwa miaka yote.

Binti yake ndiye aliyepokea. Alikata simu, akasimama mbele ya mama yake, mikono kiunoni.

"Mama, umeuza tanuri letu kwa ajili ya mlevi."

"Sijauza kitu. Nimenyang'anywa. Hayo ni mambo mawili."

"Akina dada nitawaambia nini?"

"Waambie waje kesho kama kawaida. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Lakini alipoingia nyuma aliketi juu ya gunia la unga muda mrefu, kilemba mkononi. Hakujuta. Alikuwa na hofu tu, na hofu aliijua, aliwahi kuishi nayo nyumba moja.

Siku mbili baadaye Kimya aliingia dukani na furushi. Ndani kulikuwa na zile picha tisa, na ya kumi mpya, fremu ileile kama za wenzake: bibi mwenye gauni la buluu, shingo imenyooka. Kimya akaziegemeza ukutani, akasema maneno mengi kuliko yote ambayo Kiranja aliwahi kumsikia akisema.

"Ulipouliza siku ile, nilikuwa na jibu, na limenikaa kooni tangu Jumapili ile. Una nyundo?"

Wakazitundika nyuma ya kaunta, juu ya rafu za mikate. Wateja wakaanza kuuliza. "Huyu msichana ni nani?" Kiranja akaeleza, akihesabu chenji. "Na huyu bibi? Naye mlisoma naye?" "Huyo ni Kengele," alijibu, na kama mteja hana haraka, akasimulia. Mama mwenyewe alikuwa akija Ijumaa kuchukua mkate wake, akijitazama ukutani, akisema fremu imekaa upande.

Lakini picha hazilipi mishahara. Ndipo Kiranja alipoamka siku moja, akapakia makreti kwenye gari lake dogo kama zamani, akaenda mpaka shuleni, akaegesha nje ya geti, ng'ambo ya mfereji, mahali ambapo ardhi si ya bodi wala si ya mkurugenzi. Akafungua mlango wa nyuma. Harufu ikaruka uzio peke yake.

Mapumziko yalipofika wanafunzi walimiminika. Mikate ya mtu mpya ilikuwa migumu, walisema wao. Unaweza kumpigia mtu nayo. Mlinzi alikuja kumfukuza, amekaza uso.

"Mama, nimeambiwa usiuze hapa."

"Hapa wapi?"

Mlinzi akaangalia mfereji, akaangalia geti, akaangalia miguu ya Kiranja. "Hapa... nje."

"Nje ni kukubwa, mwanangu. Kamwambie aliyekutuma anitajie ni nje ipi."

Mlinzi akaondoka na mkate wa siagi. Kesho yake Kiranja alirudi, na keshokutwa. Wiki ya pili binti yake alikuja naye, hasira zimebaki kidogo tu kwenye nyusi, akipanga foleni kwa ukali uliomfanya Kiranja ageuke pembeni kuficha kicheko. Mkuu wa shule alionekana kwenye dirisha la ofisi yake zaidi ya mara moja. Hakutoka, ila mlinzi hakutumwa tena.

Siku ya kikao kingine cha bodi gari jeusi la Tai lilikuja likakwama nyuma ya foleni ya watoto. Likapiga honi. Watoto wakasogea nusu hatua, wakarudi. Kioo kikashuka. Tai alikuwa ndani, tai shingoni, uso umechoka.

"Kiranja," alisema, "hebu niambie. Unataka nini hasa?"

Kiranja alikuwa anamkabidhi msichana mmoja mkate. Akamsubiri aushike vizuri kwa mikono miwili.

"Leo nataka usogeze gari," alisema. "Unanizibia wateja."